Ghala la Yusufu na Mionzi ya Watafiti: Somo Kuhusu Kuhifadhi Chakula

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA SHARIKA

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Kutoka 16:13–24 na Mwanzo 41:46–57.



Katika ziara yetu kwenye sharika za tambarare tulikaa na kamati moja kuzungumzia ghala la mahindi. Mzee mmoja wa kanisa aliinua mkono akasema: "Baba mratibu, mjukuu wangu yuko chuoni. Ananiambia huko nje mahindi yanapigwa mionzi na dumuzi wanakufa wote bila dawa ya unga. Kwa nini tusiwaombe wafadhili watuletee mashine hiyo?" Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja wa kikundi cha akina mama akadakia: "Mionzi? Hiyo si ndiyo inayoleta kansa? Watoto wangu hawatakula mahindi hayo hata kidogo."

Wote wawili walistahili jibu zuri, na siku ile sikuwa nalo kamili. Somo hili ni jibu langu kwao, na kwa kila kamati inayopanga kutumia fedha za waumini kwa ajili ya ghala. Tutaangalia jinsi wataalamu walivyoanza kuchunguza mionzi kama njia ya kuhifadhi chakula, walipofaulu na walipokosea, kisha tutaona historia hiyo inatufundisha nini sisi tunaovuna Kahe, Himo na Chekereni na kula Marangu, Mwika na Machame.

1. TATIZO NI LA ZAMANI

Maandiko tuliyosoma yana picha mbili za chakula kilichowekwa. Katika Kutoka, mana iliyobakizwa hadi asubuhi bila agizo iliingia mabuu na kunuka. Katika Mwanzo, Yusufu aliweka nafaka miaka saba, na watu wa nchi nyingi wakapona. Tofauti ya mavuno yanayookoa maisha na mavuno yanayotupwa mara nyingi huja baada ya mavuno, si shambani.

Babu zetu mlimani walilijua hilo. Mahindi yalipandishwa darini juu ya jiko, moshi na joto vikayakausha na kuwafukuza wadudu. Ilikuwa njia nzuri kwa mahindi ya familia moja. Leo jiko la kuni limetoka nje ya nyumba, paa ni la bati, na mahindi ni magunia ya kikundi kizima. Njia ya babu haitoshi tena kwa kiasi hicho.

Halafu alikuja mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligundulika huko Tabora kwamba kuna mdudu mpya katika mahindi, asili yake Amerika ya Kati. Ndiye dumuzi, na wapo wakulima waliompa jina la Scania, kama lori. Mwaka 1983 alionekana Taveta, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Himo. Fukusi wetu wa zamani alikuwa mwizi mdogo. Dumuzi anaweza kuligeuza hindi lote kuwa unga. Anapenda zaidi mahindi yaliyobaki kwenye magunzi, na anaweza kuishi hata katika mahindi makavu sana. Ndiyo maana wakulima walishauriwa kupukuchua mapema na kuchanganya mahindi na dawa ya unga. Tukumbuke jambo hili la ukavu, maana tutalirudia.

2. WATAFITI WA KWANZA

Mwezi Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana inayopita ndani ya mwili na kuonyesha mifupa. Ndiyo eksirei tunayopigwa KCMC tukivunjika mkono. Mwaka uliofuata, 1896, mtafiti wa Munich aitwaye Minck aliandika kwamba huenda mionzi hiyo inaweza kuua bakteria. Mwaka huohuo Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe bila mashine yoyote.

Haikuchukua muda watu wakafikiria chakula. Mwaka 1904 Samuel Prescott, mwalimu wa chuo cha MIT Marekani, alieleza jinsi mionzi ya radi, yaani madini ya radiamu, inavyoathiri bakteria. Mwaka 1905 Waingereza wawili, Appleby na Banks, walipewa hataza ya kutumia mionzi hiyo kuboresha hali ya vyakula, hasa nafaka. Kwenye karatasi wazo lilikuwa limekamilika. Katika hali halisi radiamu ilikuwa adimu na ghali kupita kiasi.

Mwaka 1916 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, G. A. Runner, alichapisha kazi yake juu ya mdudu anayetoboa tumbaku na sigara zilizohifadhiwa. Aliwapiga eksirei. Aliona kwamba mayai yaliyopigwa mionzi ya kutosha hayakuanguliwa, na wadudu wazima waliendelea kuishi kwa muda lakini mayai waliyotaga hayakuwa na uzao. Jambo hili lilikuwa jipya. Mdudu si lazima afe papo hapo. Ikitosha kuukata uzazi wake, ghala linapona.

Mwaka 1921 Benjamin Schwartz wa Idara ya Kilimo ya Marekani alionyesha kwamba eksirei inaweza kuwadhibiti minyoo wa trikinela wanaojificha katika nyama ya nguruwe. Sisi wa Kilimanjaro tunaopenda nyama hiyo tunaelewa umuhimu wake, ingawa mpaka leo dawa ya kwanza ni kuiivisha vizuri.

Kwa hiyo katika miaka 25 hivi tangu Röntgen, watafiti walikwisha kujua mambo makuu: mionzi huua bakteria, hukata uzazi wa wadudu, na hudhibiti minyoo. Kilichokosekana ni chanzo cha mionzi chenye nguvu na bei nafuu. Mashine za eksirei za wakati ule zilikuwa dhaifu na hazikuweza kufanya kazi mfululizo.

3. JESHI, ATOMU NA HARAKA

Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Bernard Proctor wa MIT alijaribu kuhifadhi nyama ya kusaga kwa eksirei kwa ajili ya Jeshi la Marekani. Baada ya vita vinu vya nyuklia viliwezesha kutengeneza kobalti 60, madini yanayotoa mionzi mikali ya gama, kwa wingi. Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower alihutubia Umoja wa Mataifa akitaka nguvu za atomu zitumike kwa amani, na chakula kilikuwa miongoni mwa matumaini yaliyofuata. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilianzishwa mwaka 1957. Tanzania ilijiunga mwaka 1976.

Nchi zilianza kwa kasi. Mwaka 1957 kiwanda cha viungo huko Stuttgart, Ujerumani, kilianza kupitisha viungo kwenye mionzi ya elektroni ili kupunguza vijidudu. Mwaka 1959 sheria ya nchi hiyo ikapiga marufuku. Mwaka 1958 Umoja wa Kisovieti uliruhusu viazi vilivyopigwa mionzi ili visichipue. Kanada ikafanya hivyo mwaka 1960. Mwaka 1963 Marekani iliruhusu ngano na nyama ya nguruwe ya bekoni.

Ndipo ikaja aibu. Mwaka 1968 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliifuta ruhusa ya bekoni. Ilipochunguza upya majaribio ya kulisha wanyama iliona yana kasoro, na matokeo hayakutosha kuthibitisha usalama. Miaka ya 1970 ikaleta aibu kubwa zaidi: kampuni moja ya Marekani iliyopewa kazi ya kupima vyakula na kemikali kwa kuwalisha wanyama iligundulika kughushi matokeo, na mwaka 1983 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Baadhi ya majaribio ya jeshi juu ya nyama yalikuwa mikononi mwa kampuni hiyo.

Mwaka 1975 huko Hyderabad, India, lilichapishwa jaribio lililogusa mioyo ya wengi. Watoto 15 wenye utapiamlo mkali walilishwa ngano kwa wiki kadhaa: wengine ngano iliyotoka kupigwa mionzi, wengine iliyopigwa na kukaa, wengine ya kawaida. Watafiti waliripoti kuona seli zisizo za kawaida katika damu ya wale wa kundi la kwanza. Wataalamu wengine waliyapinga matokeo hayo, kwa kuwa watoto walikuwa wachache mno na hesabu haikuwashawishi. Lakini sisi tunaoshughulika na watoto wenye utapiamlo tuna swali la kuuliza hata kabla ya hesabu: kwa nini wapimwe walio dhaifu kuliko wote?

4. UKWELI ULIPOANZA UPYA

Njia ya kutoka katika aibu ilikuwa ndefu. Kuanzia mwaka 1970 nchi zaidi ya 20 ziliunganisha nguvu katika mradi wa pamoja uliokuwa na makao yake Karlsruhe, Ujerumani, zikarudia majaribio kwa utaratibu na kuyafungua kwa wote kuyakagua. Mwaka 1980 kamati ya wataalamu ya FAO, IAEA na Shirika la Afya Duniani ilitoa uamuzi kwamba chakula kilichopokea mionzi hadi wastani wa kilogrei 10 hakina madhara ya sumu, na hakihitaji kupimwa tena aina moja moja. Mwaka 1983 uamuzi huo uliingizwa katika viwango vya kimataifa vya chakula, Kodeksi.

Kilogrei ni nini? Ni kipimo cha nguvu ya mionzi ambayo chakula kimepokea. Grei 1,000 ni kilogrei 1. Viazi na vitunguu visichipue vinahitaji karibu kilogrei 0.1. Wadudu wa nafaka wanadhibitiwa kwa chini ya kilogrei 1. Bakteria wa nyama na viungo wanahitaji kati ya 1 na 10. Hata hiyo kilogrei 10 inapandisha joto la maji kwa nyuzi mbili na nusu tu, ndiyo maana chakula hutoka kikiwa kibichi vilevile. Lakini mwanadamu akipokea grei 4 au 5 tu mwili mzima anaweza kufa, ndiyo maana kazi hii hufanyika ndani ya kuta nene za zege.

Sasa namjibu mama yule. Chakula kilichopigwa mionzi ya gama ya kobalti 60 hakibaki na mionzi ndani yake, kama wewe usivyobaki na eksirei mwilini baada ya kupiga picha ya kifua. Nguvu ya mionzi hiyo haitoshi kukifanya chakula chenyewe kitoe mionzi. Glavu na sindano nyingi za hospitali duniani huuliwa vijidudu kwa njia hiyohiyo. Chakula cha kuogopwa ni kile kilichochafuliwa na vumbi la mionzi, kama ilivyotokea Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl, Aprili 1986, ng'ombe walipokula majani yenye vumbi hilo na maziwa yakachafuka. Hayo ni mambo mawili tofauti. Hofu ya mama yule haikuwa ujinga. Ilikuwa tahadhari iliyokosa maelezo. Hapa kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye maabara Njiro, Arusha, ina kazi ya kupima vyakula kuona kama vimechafuliwa.

5. UNGUJA: USHUHUDA WA NYUMBANI

Wazo la Runner, kwamba ukikata uzazi wa mdudu umemshinda, lilizaa matunda makubwa katika nchi yetu wenyewe, ingawa si ghalani. Kisiwa cha Unguja kilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, aliyeeneza nagana kwa ng'ombe. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o walifugwa kwa mamilioni huko Tanga, madume yakapigwa mionzi ya gama ili yawe tasa, kisha yakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa. Jike la porini likipandwa na dume tasa halizai. Madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Tuone kwa nini kazi ile ilifaulu. Mdudu alikuwa wa aina moja. Eneo lilikuwa kisiwa, hivyo hawakuingia wengine kutoka nje. Kabla ya kumwaga madume tasa, idadi ya mbung'o ilikwisha kupunguzwa kwa dawa na mitego. Mitego iliendelea kukaguliwa miaka yote ili ijulikane kwa namba kama kazi inakwenda. Mionzi ilikuwa hatua moja katika hatua nyingi.

6. JE, INAFAA KWA GHALA LA USHARIKA?

Sasa namjibu mzee. Mjukuu wake amesema kweli. Mionzi inaweza kuwamaliza dumuzi na fukusi katika gunia bila kuacha dawa yoyote. Zipo nchi zinazoitumia au zilizowahi kuitumia: Japani ilianza na viazi huko Shihoro mwaka 1974, India ilifungua mtambo wa vitunguu Lasalgaon mwaka 2002, na Ghana ilijenga mtambo wake wa utafiti Kwabenya katika miaka ya 1990. Viungo vingi vya biashara ya kimataifa hupitia huko. Ukiona kwenye pakiti alama ya kijani ya mmea ndani ya duara lililokatikakatika, chakula hicho kimepigwa mionzi.

Lakini kwa ghala letu zipo sababu nne za kusema hapana.

Kwanza, mionzi haiachi kinga. Mahindi yaliyopigwa Jumatatu yanaweza kuingiwa na dumuzi Jumanne ikiwa gunia liko wazi. Bila kifungashio kizuri na ghala safi, kazi yote ni bure.

Pili, mionzi haiondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia. Inaweza kuua ukungu wenyewe, lakini sumu ambayo ukungu umeshaitoa, aflatoksini, hubaki. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Hakuna mashine ambayo ingeyarudisha mahindi yale kuwa chakula.

Tatu, kobalti 60 haisubiri mavuno. Kila mwaka hupungua nguvu kwa karibu asilimia 12, na katika miaka mitano na kidogo hubaki nusu, iwe mmepeleka magunia au hamkupeleka. Mtambo wa namna hiyo unahitaji chakula cha kupitisha mwaka mzima, na sisi tunavuna kwa msimu.

Nne, unahitaji leseni, jengo la zege nene, ulinzi na wataalamu waliosomea. Hiyo ni kazi ya taifa au ya wafanyabiashara wakubwa wa kuuza nje, si ya kamati ya usharika.

7. KOSA LANGU

Nieleze sasa kwa nini historia hii imenigusa. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri, mradi niliousimamia ulijenga ghala zuri katika usharika mmoja wa tambarare: sakafu ya saruji, paa la bati, mlango wa chuma. Fedha zilipopungua nilifuta turubai za kuanikia kwenye bajeti ili paa likamilike. Nilijiambia watu watajua wenyewe namna ya kuanika. Wakulima walikuwa na haraka kwa sababu ya wezi mashambani, wakaleta mahindi hayajakauka sawasawa. Magunia yalipangwa sakafuni moja kwa moja, bila chaga. Baada ya miezi miwili tulifungua na kukuta magunia 31 yameota ukungu. Tuliyafukia. Mengi yalikuwa ya kikundi cha akina mama wajane.

Katika taarifa kwa wafadhili niliandika kwamba ghala limekamilika, nikaweka picha ya paa, na kuongeza sentensi moja: baadhi ya mahindi yaliathiriwa na unyevu. Wiki moja baadaye mwenyekiti wa kikundi kile alinisimamisha baada ya ibada. "Baba mratibu," aliniuliza, "katika ile barua yako uliandika magunia mangapi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika barua ya pili nikaweka namba: 31. Wafadhili hawakukata msaada. Waliuliza swali moja, kwa nini turubai hazikuwamo kwenye bajeti, na ilinibidi niandike kwamba niliziondoa mimi. Mwaka uliofuata turubai na chaga zilikuwa mstari wa kwanza.

Wale waliopitisha bekoni kwa majaribio yenye kasoro, na wale walioghushi kabisa, hawakuiharibia mionzi uwezo wake wa kuua vijidudu. Waliharibu imani ya watu, na kuirudisha kulichukua miaka mingi ya kazi ya wazi. Taarifa yangu ya sentensi moja ilikuwa mbegu ya jambo hilohilo.

8. LA KUFANYA KATIKA MAVUNO YAJAYO

Turudi kwenye suala la ukavu tulilosema tulikumbuke. Adui zetu wakuu ghalani ni wawili, na tabia zao ni tofauti. Ukungu unahitaji unyevu. Mahindi yakikauka vizuri hauendelei. Dumuzi hajali ukavu. Anahitaji hewa na nafasi ya kuingia. Dawa ya adui mmoja haimtoshi mwingine. Kwa hiyo kamati ifuate mpango huu:

a) Anikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.

b) Pimeni kwa chumvi kama hamna kipimo. Chukueni chupa kavu ya kioo, wekeni mahindi hadi robo au theluthi pamoja na vijiko vichache vya chumvi kavu, fungeni na kutikisa dakika kadhaa, kisha acheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, msiyapokee. Isipoganda, yako chini ya asilimia 15 hivi. Yaongezeeni siku ya jua.

c) Pukuchueni, pepeteni, na tengeni punje zilizovunjika au zenye ukungu. Mahindi ya ukungu yasipewe mifugo wala yasipikiwe pombe.

d) Fungeni katika mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa, au pipa lenye mfuniko wa kubana. Wadudu waliomo humaliza hewa wakafa. Kagueni matundu kabla ya kujaza, na ondoeni panya. Kwa magunia ya kawaida tumieni dawa ya unga iliyoidhinishwa, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Vidonge vya kufukizia visitumike kabisa katika nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua.

e) Pangeni juu ya chaga, mbali na ukuta, na mfungue gunia la mfano kila mwezi.

f) Andikeni daftarini magunia yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyoharibika. Safu ya tatu isiachwe wazi.

Kwa wafadhili wetu: tunawashukuru kwa moyo wote. Tunawaomba mtuulize kuhusu ile safu ya tatu. Picha ya ghala jipya hupendeza, lakini namba ya magunia yaliyofikia mwezi wa Machi yakiwa mazima, wakati njaa inapobisha hodi kabla ya mavuno mapya, ndiyo inayoonyesha kazi ya sadaka yenu. Na pale mnapopenda kutuletea teknolojia mpya, tusaidieni kuuliza kwanza: ni adui gani anayekula chakula hiki?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika usharika wetu, nini huharibu chakula zaidi: ukungu, dumuzi, panya au wezi? Tumejuaje?

2. Yusufu alikusanya katika miaka ya shibe. Sisi huanza kuzungumzia ghala mwezi gani?

3. Kazi ya Unguja ilifaulu kwa hatua nyingi pamoja. Ni hatua gani tunayoiruka katika ghala letu?

4. Je, wapo waumini wanaoogopa jambo fulani katika mradi wetu na hawajaelezwa? Nani atakwenda kuwasikiliza?

5. Daftari letu la mwaka uliopita linaonyesha hasara? Kama halionyeshi, ni kwa sababu haikuwepo, au haikuandikwa?

SALA

Ee Baba, uliyewalisha watu wako jangwani na kumpa Yusufu hekima ya kuweka akiba, tupe bidii ya kuanika, uangalifu wa kupima, na ujasiri wa kuandika ukweli. Chakula ulichotupa kisipotee mikononi mwetu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kamati zitakazojadili somo hili zitume muhtasari wa majibu, hasa swali la kwanza na la tano, kwa mratibu wa miradi kupitia ofisi ya jimbo kabla ya mavuno. Mungu awabariki.